Kutumaini na Kuhesabu



Tumeombwa kunena machache juu ya uongozi katika Kanisa. Saa ya yubile ni saa ya furaha, na katika furaha hii ahadi zimekuwa nyingi. Kila mtaa waahidiwa kanisa la mawe, kila kijiji mwalimu wake, na mtu akiuliza fedha itatoka wapi, huambiwa ya kwamba imani yake ni haba. Basi twaona ni vema turudi nyuma kidogo, tutazame mwanzo wa Misioni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyofanya kazi Unguja na Masasi. Maana jambo hili liliwapata wale wa kwanza kabla halijatupata sisi.

Mwaka 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wanachuo wa Cambridge, akawasihi waje Afrika. Maneno yake yaliwasha mioyo yao. Yeye aliamini ya kwamba mto Zambezi utakuwa njia kuu ya biashara na ya Injili. Lakini katika safari yake ya kuufuata mto huo hata pwani, alikuwa amepita njia ya mkato, asipaone mahali palipoitwa Kebrabasa. Alipofika huko mwaka 1858, naye safari hii ana merikebu ya moshi, akakuta maji yanaporomoka kati ya miamba, wala chombo hakiwezi kupita. (Siku hizi pana bwawa kubwa la umeme, Cahora Bassa, katika nchi ya Msumbiji.) Hatusemi alikuwa mwongo, hasha. Ila sehemu ya mto asiyoiona aliitumainia sawasawa na ile aliyoiona, na watu wengine wakaja kwa kulitegemea neno lake.

Charles Mackenzie aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Cape Town tarehe 1 Januari 1861, na mwaka ule ule akakaa Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, pamoja na watu waliofunguliwa katika minyororo ya utumwa. Wakajikuta wameingia katika vita vya nchi ile. Januari 1862 Askofu na Padre Burrup wakashuka mto Shire kwa mtumbwi, wapate kuonana na Livingstone. Mtumbwi ukajaa maji, dawa ya homa ikapotea. Wakangoja kisiwani bila dawa, na tarehe 31 ya mwezi ule Askofu akafariki. Burrup akamzika, naye akafa mwezi uliofuata. Kisha ikaja njaa, na makaburi mengine.

Askofu wa pili, William Tozer, alipanda mlima Morumbala, akaitazama nchi, akawafikiri waliokufa na umbali wa njia, akasema Misioni haiwezi kukaa hapa. Agosti 1864 akafika Unguja. Livingstone alisikitika mno, na wengine waliona ni aibu, eti askofu amekimbia. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini watu hawapendi kumwona kiongozi wao akishuka. Sisi twaona Tozer alitenda jambo gumu na la haki, kwa kuwa alisema neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, akalisema kabla kaburi lingine halijachimbwa.

Hata hivyo hatutamfanya malaika. Wale waliofunguliwa Magomero, hasa wanawake na watoto, hakutaka kuwachukua. Mmisionari mmoja, Horace Waller, hakukubali; akaiacha kazi yake katika Misioni kuliko kuwaacha watu hao, akawapeleka Cape. Hapo ndipo penye hatari ya mtu anayehesabu tu: mwisho huwahesabu hata watu kama mizigo. Na mkumbuke, kati ya watu wa Magomero alikuwamo kijana jina lake Chuma. Ni huyo ambaye, Livingstone alipofariki mwaka 1873, alisaidiana na Susi na wenzao kuuchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi hata pwani. Je, katika hesabu ya mwaka 1864 nani angemwandika Chuma upande wa faida?

Huko Unguja, Sultani Majid alimpa Tozer watoto watano wa kiume walionyang'anywa kwa wafanya biashara ya watumwa. Watano tu! Watu waliotaka bara zima wakaanza na watoto watano, wakawafundisha kusoma. Mmoja wao, John Swedi, alikuwa shemasi mwaka 1879. Na Edward Steere, aliyefuatana na Tozer, akajifunza lugha hii tunayosema, akaandika, akapiga chapa. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale siku ya Krismasi, na siku ya Krismasi mwaka 1879 watu wakaingia kusali. Mtu wa kujenga kanisa mahali pale hakosi tumaini. Lakini Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, aliisimamia kazi ile hata dari yake, wala hakuiachia imani kazi ya saruji.

Wala msidhani mambo yalinyoka baada ya hapo. Mwaka 1882 Steere alifariki, na mwaka ule ule Magwangwara wakakivamia kijiji cha watu huru cha Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876. Kazi ikahamia Newala, na Masasi ikajengwa tena baadaye. Padre wa kwanza Mwafrika wa Misioni ile, Cecil Majaliwa, alipata upadre mwaka 1890. Hesabuni wenyewe miaka tangu wale watoto watano.

Sasa tuje kwetu. Tunao walimu ambao posho yao haikufika kwa miezi, nao wamesimama kila Jumapili wakiwaambia watu Mungu atatenda. Atatenda, ndiyo, lakini mwalimu huyu ana watoto, na mwenye duka hapokei ahadi za yubile. Tunao pia wazee wasemao kila neno jipya haliwezekani, na huku katika mtaa mmoja wa mbali akina mama wanakusanyika chini ya mwembe bila mwalimu, wakisomeana Injili kwa zamu. Hao nao wasipohesabiwa, hesabu yetu ni ya uongo.

Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka, alitaja mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza. Basi twaomba hivi, Baba Askofu. Kabla ya baraza kupiga kura juu ya makanisa mapya, daftari la fedha lisomwe kanisani kwa sauti, katika kila mtaa, pamoja na deni la kila mwalimu. Na baada ya daftari, wale akina mama wa chini ya mwembe waitwe waseme wanataka nini kwanza. Huenda si kanisa la mawe.