Leta yenye mipaka, raia mwenye wajibu: moja haiendi bila ingine

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi. Tunayaweka hapa kwa wale wa Katuba, Kampemba, Ruashi, Annexe na komini ya Kenya ambao hawakupata njia ya kufika, na kwa wandugu wa miji mingine ya inchi yetu.

Wandugu, dada zetu,

Tuanze na neno moja ambalo kila mmoja wetu ameishalisikia. Uko na diplome mkononi, kazi hakuna, unalalamika kidogo tu, na mkubwa mmoja anakujibu: «Muache kuomba-omba Leta. Kila mutu ajitafutie.» Kama huyo mkubwa amesoma, anaongeza: «Hata kule Marekani njo vile. Leta inakuwa ndogo, na kila mutu anabeba muzigo wake.»

Sisi tunaosema hapa, wengi wetu ni watu wa diplome bila kazi. Hiyo fikra tuliisoma unif, tukapita mitihani yake. Leo tunataka kuiangalia kwa uzito, bila kuitukana na bila kuiabudu. Inaitwa fikra ya wahafidhina, wale wanaosema kwamba vitu vizuri ambavyo wazazi walijenga polepole visibomolewe kwa siku moja. Juu ya serikali wanafundisha mambo mawili: mtu abebe wajibu wa maisha yake, na serikali iwe na mipaka. Shida yetu ni kwamba hapa Kongo wakubwa wanatuhubiria la kwanza, na la pili wanalificha mfukoni.

Tuangalie fikra yenyewe ilitoka wapi. Mtu anayetajwa sana kama baba yake ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, mbunge kule London. Mwaka 1790 aliandika kitabu juu ya mapinduzi ya Ufaransa. Alisema kwamba inchi ni mapatano kati ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, na kwamba mtu anaanza kupenda inchi yake kwa kupenda jamaa yake na majirani zake. Wengi wanajua hiyo. Lakini kuna kazi ingine ya Burke ambayo wakubwa wetu hawaitaji. Kwa miaka mingi alimshitaki Warren Hastings, gavana aliyetawala Bengal, huko India, kwa jina la kampuni kubwa ya biashara ya Waingereza. Kesi ilianza 1788, ikaisha 1795, na Hastings akaachiliwa. Burke alishindwa kwenye kesi, lakini sababu yake ilibaki: uongozi ni kitu cha kuwekewa, kama feza za watu unazoshika, na lazima utoe hesabu kwa wenyewe. Sisi watoto wa inchi iliyotawaliwa kwanza na Leopold na makampuni yake, hiyo sababu tunaielewa bila mwalimu.

Basi mhafidhina wa kwanza hakusema tu «raia ajitafutie». Alisema pia «gavana ajibu».

Tuje karibu kidogo. Tarehe 20 Januari 1981, Ronald Reagan aliapa kuwa Raisi wa Marekani. Siku ile alisema kwamba, katika shida waliyokuwa nayo wakati ule, serikali haikuwa dawa, ilikuwa njo ugonjwa wenyewe. Hayo maneno yanarudiliwa hadi leo. Lakini tukumbuke aliyasema wapi. Alikuwa mu inchi ambamo barabara zipo, shule zipo, na jaji anaweza kumwambia Raisi «hapana» halafu akalala nyumbani kwake usiku. Ukisema serikali ipunguzwe kule, unapunguza kitu ambacho kipo.

Na tukumbuke alimpokea nani. Mwaka 1983, tena mwaka 1986, Reagan alimpokea Mobutu kule White House kama rafiki. Huyo Mobutu, Katiba yake ya 1974 ilikuwa imefanya MPR kuwa chombo kimoja cha uongozi wa inchi nzima: bunge, serikali, majaji, wote chini ya chama kimoja na mtu mmoja. Mhubiri wa serikali ndogo alikaa meza moja na mwenye serikali isiyokuwa na ukuta hata mmoja. Ilikuwa vita baridi, na Mobutu alikuwa upande wao. Hatusemi hiyo kwa kusema fikra yote ni uongo. Tunasema tu kwamba fikra haina miguu yake yenyewe. Kama raia wa inchi hawaishiki, wakubwa wanaipeleka kunakowafaa.

Sasa tuingie nyumbani. Je, sisi Wakongomani tunahitaji kufundishwa mipaka ya Leta? Muulizeni mzee yeyote juu ya tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitachukuliwa na kupewa Wazairwa. Neno lilikuwa tamu: uchumi urudie kwa watoto wa inchi. Lakini mtu aliyeweza kunyanganya kwa hotuba moja aliweza pia kugawa anavyotaka, na sehemu kubwa ilienda kwa watu waliokuwa karibu na uongozi. Maduka yakawa matupu, mashamba yakaota majani. Mwaka 1976 serikali ikaanza kurudisha mali kwa waliokuwa wenyewe. Hakuna jaji aliyeweza kusimamisha jambo lile siku ya kwanza. Mipaka ya Leta inalinda duka la mgeni, na kesho yake inalinda meza ya mama yako sokoni.

Na wajibu wa mtu? Hapa Katanga tuko na historia yetu. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilianza kumpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali, na shule ya watoto. Mwaka 1967 kampuni ikawa ya Leta, baadaye ikaitwa Gécamines, na mambo yakaendelea vile. Wazee walikuwa wanasema kampuni ni baba, ni mama. Wahafidhina wako na neno la kweli hapa: baba anayekupa kila kitu anakuondolea pia mdomo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1993 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa «départ volontaire», wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Familia ambazo hazikuwa zimewahi kununua mufuko wa unga zilianza kujifunza maisha upya, na baba ya nyumba ameishakuwa mzee.

Lakini tusikose adui. Wafanyakazi hawakuangusha Gécamines kwa uvivu. Walishuka mu mugodi kila siku. Ilianguka juu ya usimamizi mbaya, juu ya feza zilizochukuliwa na uongozi usiotoa hesabu kwa mtu yeyote. Kosa la mtoto ni dogo wakati baba mwenyewe anauza mabati ya nyumba.

Wakati Leta ilianguka, nani alibeba inchi? Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa si kitu, wazazi njo walikuwa wanawalipa. Mama anauza makala, anauza nyanya, anakata sehemu ya mwalimu. Ilidumu karibu miaka 30, hadi Septemba 2019 wakati serikali ilianza kutekeleza shule ya msingi ya bure, jambo ambalo Katiba ilikuwa imeahidi mu article 43 tangu 2006. Jirani wanachanga kununua kamba ya umeme. Kartie inachanga kuzibua mufereji. Tuko na likelemba zinazotembea bila jaji, bila polisi, na feza zinafika. Mtu anayesema raia wa Kongo hajui wajibu wake, huyo haishi nasi.

Hiyo maisha ya kujitafutia tunaiita «Article 15». Tunacheka tukiitaja. Lakini ni wangapi kati yetu wamefungua article 15 ya kweli, ile ya Katiba ya 2006? Haisemi mjitafutie. Inasema viongozi wa umma wanapashwa kuhakikisha kwamba jeuri ya ngono inakomeshwa. Ni kazi iliyowekwa juu ya kichwa cha Leta, na ni kazi ambayo dada zetu wanaingojea hadi leo. Sisi tumeshika Article 15 ya kichekesho, wakubwa wakafurahi, ile ya kweli ikabaki mu karatasi.

Kwa hiyo hapa tunaachana na wahafidhina wengine. Leta yenye mipaka haina maana ya Leta isiyokuwepo. Sisi tuna Leta ambayo haiko pale tunapoihitaji, na iko pale tusipoihitaji. Mwizi akiingia usiku, haiko. Ukipitisha magunia mawili ya muhindi kwenye bariere, iko, tena watu wanne, kila mmoja na jina lake la kodi. Kuipunguza pale bariere na kuiongeza pale tribinali ni kazi moja.

Katiba yetu inasema hayo yote kwa mistari miwili mifupi, mu article 174. Mstari wa kwanza: kodi haiwekwi isipokuwa kwa sheria. Hiyo ni mipaka ya Leta. Mstari wa pili: kuchangia mizigo ya umma ni wajibu wa kila mtu anayeishi inchini. Hiyo ni wajibu wetu. Walioandika waliweka vyote viwili pamoja, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusoma nusu.

Basi tunawaomba nini, wandugu?

Kwanza, tulipe kile sheria inasema, tena tudai karatasi ya malipo. Ukikataa kulipa kodi ya haki na kesho unalia barabara mbaya, hauko na mdomo. Lakini mtu akikuomba feza bila karatasi, muulize kwa heshima: «Papa, ni sheria gani?» Muulize mukiwa wengi, kwa utulivu, bila jiwe, bila tusi. Peke yako ni ngumu, hatutawadanganya.

Pili, tuanze kutoa hesabu sisi wenyewe. Kamati ya wazazi, chama cha wanafunzi, likelemba, kundi la kartie: daftari liwe wazi, na muda wa mwenye kushika sanduku uwe na mwisho. Hatuwezi kumdai gavana kitu ambacho mweka-hazina wetu hafanyi. Mu kundi letu pia iwe vile.

Tatu, tudai kwamba pesa na uamuzi vishuke chini. Article 175 inasema sehemu ya provinsi katika mapato ya taifa ni asilimia 40, na inakatwa pale pale zinapotoka. Kutoka 2006 hadi leo provinsi zinaendelea kuidai. Barabara ya Katuba haipashwi kungojea sahihi ya Kinshasa.

Ine, na hii njo kubwa. Tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, Raisi Tshisekedi alisema Katiba yetu haifai tena na kwamba ataweka tume ya kuiangalia upya. Katiba si Biblia, inaweza kurekebishwa. Lakini article 220 imefunga mlango mmoja: hesabu ya mandati za Raisi na urefu wake haviguswi. Walioufunga walikuwa wanamkumbuka Mobutu na miaka yake 32. Ukuta ule ni urithi. Kama unabomolewa juu ya mtu mmoja, utabomolewa pia juu ya mwingine atakayekuja, hata kama wa leo unampenda.

Tunajua inawezekana kuulinda. Mu Januari 2015 serikali ya wakati ule ilileta sheria ya uchaguzi ambayo ingesogeza uchaguzi kwa kungojea kuhesabu watu wote. Vijana walitoka Kinshasa, Goma, Bukavu. Wengine hawakurudia nyumbani. Seneti ikaondoa kile kipengele. Wale vijana walikuwa wanafanya vitu viwili kwa pamoja: walibeba wajibu wao, na waliweka mpaka kwa serikali.

Kwa hiyo mkubwa akikuambia tena «ujitafutie», mujibu bila hasira: «Papa, tulianza zamani. Mama zetu walianza mbele yetu. Sasa ni zamu ya Leta kukaa mu mipaka yake na kufanya ile kazi kidogo iliyopewa.»

Kesho asubuhi, kila mmoja atafute Katiba, hata mu telefone, asome article 15, 28, 174, 175 na 220. Ni ukurasa mbili hivi. Halafu amusomee jirani mmoja ambaye hajui Kifaransa, kwa Kiswahili chetu hiki.

Inchi ni yetu. Mapambano inaendelea.