Nyama za Pua: Jina Moja, Maradhi Matatu

Mama akiambiwa mwanawe ana nyama za pua, na mjomba mwenye pumu akaambiwa vivyo hivyo, nyumba nzima hudhani ugonjwa ni mmoja. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi mara nyingi amevimba tezi zilizo nyuma ya pua. Mwenye mzio, yule anayepiga chafya kila akifagia, huwa amevimba vinundu vya ndani ya pua ambavyo kila binadamu amezaliwa navyo. Polipu, mada ya mhadhara huu, ni kitu cha tatu: uvimbe unaoota kwenye utando wa pua.

Daktari anaweza kuvitofautisha kwa kijiti. Akigusa kinundu cha kuzaliwa nacho, mgonjwa anashtuka kitini. Akigusa polipu, iliyopauka na kung'aa kama zabibu iliyomenywa, mgonjwa ametulia tuli. Haiumi, inachoiba ni harufu. Wali unaungua jikoni na mpishi hana habari mpaka aone moshi.

Wagiriki wa kale, kama maandishi ya Hippocrates yanavyoeleza, walifunga sifongo kwa nyuzi, wakaiingiza puani, kisha wakaivuta itokee mdomoni pamoja na polipu. (Bila ganzi, ndiyo.) Siku hizi zinaondolewa kwa kamera nyembamba, njia iliyotokana na kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria. Hata hivyo, mara nyingi zinarudi, kwa sababu kisu huondoa uvimbe na kuuacha utando wa pua na mwako wake.

Mzio huchochea mwako huo, lakini si mama yake: wengi wenye mzio hawaoti polipu maishani. Ndiyo maana vidonge vya mzio hutuliza chafya na muwasho, polipu zikabaki palepale. Tiba ya kwanza ni kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, na dawa ya steroidi ya kupuliza kila siku kwa wiki kadhaa. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, ncha ikielekea upande wa sikio. Wanaopuliza ukuta wa katikati hutokwa damu, wakaitupa dawa.

Mwenye pumu na polipu ana swali moja zaidi la kujibu: akimeza aspirini, kifua kinambana? Fernand Widal alieleza hali hiyo Ufaransa mwaka 1922. Max Samter wa Chicago akaieneza mwaka 1968. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa dukani kama pipi, zinaweza kumbana vilevile.

Kwa polipu zenyewe, mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dupilumab, sindano ya kila wiki mbili, baada ya majaribio mawili yenye wagonjwa 724. Polipu zilisinyaa, harufu ikarudi. Katika jaribio moja sindano zilisimamishwa baada ya wiki 24, na pua zikaanza kuziba tena.