Kipimo cha Damu cha Saratani: Tungoje au Tuanze?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nyacheki)



Mmeniuliza: ni kweli damu kidogo tu yaweza kuonyesha saratani kabla mtu hajaugua? Swali ni zuri, maana kwetu saratani hujulikana ikiwa imechelewa. Ng'ombe ameshauzwa, harambee imeshaitishwa, na mgonjwa haponi.

Jibu ni hili: wataalamu wako njiani, hawajafika. Ndani ya seli za mwili mna vijichembe viitwavyo maikroRNA. Ni kama wanyapara: huamua kazi gani iendelee na ipi isimame. Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walitangaza habari zake mwaka 1993 baada ya kuchunguza mnyoo mdogo sana, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba saratani humwaga vijichembe hivi katika damu. Shida ni kwamba magonjwa mengine pia huvibadilisha, na maabara hazipatani katika majibu. Kwa hiyo bado si kipimo cha kawaida hospitalini. Mtu akija sokoni akidai ana kipimo cha damu cha saratani zote, fungeni mifuko.

Sasa tukae tu tukingoja? Hapana! Vipimo vingine vipo tayari.

Kwanza, mlango wa kizazi. Mama wa miaka 25 hadi 49 apimwe hata kama haumwi. Muuguzi hupaka siki, penye kasoro pakageuka peupe, na hapo hutibiwa kabla haijawa saratani. Wasichana kuanzia miaka 10 wapate chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019.

Pili, titi. Uvimbe usiouma usidharauliwe.

Tatu, umio, yaani njia ya chakula. Saratani hii ni nyingi nyanda zetu za magharibi. Chakula kikianza kukwama, usihangaike na dawa za kiungulia miezi mitatu. Nenda ukapimwe kwa kamera. Jirani zetu wa Bomet, Hospitali ya Tenwek, wana uzoefu wa miaka mingi.

Basi kila kikundi kifanye hivi: andikeni majina ya akina mama wasiopimwa, chagueni siku moja, changeni nauli, mwende pamoja. Na atakayeambiwa arudi, msimwache arudi peke yake.