Kosa la Shilingi 27,000 na Mchezo wa Tisa

(Mazungumzo na wanafunzi na wanachama, mkutano mkuu wa mwaka wa chama)

 

Nimepewa dakika kumi na tano niongee habari za hesabu, kwa sharti kwamba mtu asisinzie. Basi tuanze na mchezo. Kila mwenye kalamu au simu aandike namba ya tarakimu nne, asinionyeshe. Sasa zichanganye tarakimu hizo hizo upate namba nyingine. Toa ndogo kwenye kubwa. Katika jibu, ficha tarakimu moja, yoyote isipokuwa sifuri. Nitajie zilizobaki.

(Binti wa kidato cha pili alitaja 5, 1 na 4. Msemaji akamjibu kwamba amefichwa 8. Binti alikuwa ameandika 8,352, akatoa 2,538, akapata 5,814.)

Msipige makofi bado, maana hakuna uganga hapa. Tarakimu 3 ikikaa kwenye makumi ni thelathini. Ihamishie kwenye mamoja, inakuwa tatu tu. Imepungua 27, yaani tisa mara tatu. Itoe kwenye mamia uipeleke kwenye makumi, imepungua 270, tisa mara thelathini. Popote utakapoihamishia, kinachopungua au kuongezeka kinagawanyika kwa tisa. Kwa hiyo jibu lenu lazima ligawanyike kwa tisa, na namba ya namna hiyo, ukijumlisha tarakimu zake, jumla nayo hugawanyika kwa tisa. Binti amenipa 5, 1 na 4, jumla 10. Tisa imeshapitwa, inayofuata ni 18. Pungufu ni 8. Kwa nini nimekataza sifuri? Hilo nawaachia vijana, nitauliza tena kabla ya chakula.

Sasa wazee wanajiuliza, mchezo huu una faida gani? Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikundi cha kuchangiana huko mjini. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mstaafu, mtu wa kanisani, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Mwisho wa mwaka tukafunga hesabu: daftari linasema hivi, fedha zilizopo zina upungufu wa shilingi 27,000. Si fedha nyingi. Lakini mnajua neno "zimepungua" likishatamkwa kwenye kikao linavyotembea. Kabla ya jioni watu wanakumbushana kwamba mama amepaka nyumba rangi. Yeye mwenyewe akasema, basi nitalipa kutoka mfukoni mwangu yaishe. Nikamsihi asilipe. Angelipa, yasingeisha, wangesema amerudisha.

Nikagawa 27,000 kwa tisa, nikapata 3,000 kamili. Sisi wahasibu tukiona hivyo tunashuku kwanza kwamba kuna mahali tarakimu mbili zimepishana wakati wa kuandika. Ile 3 nayo inasema kitu: tarakimu hizo mbili, ya makumi elfu na ya maelfu, zinatofautiana kwa tatu. Yaani nitafute 41, 52, 63, 74 na wenzao. Daftari lilikuwa na kurasa nyingi za michango, lakini mistari ya kuangalia ikabaki michache. Nikailinganisha na nakala za stakabadhi. Mstari wa nne niliougusa, daftari lilisema 63,000. Stakabadhi ilisema 36,000.

Niseme kweli ili nisije nikalaumiwa baadaye: mwizi naye anaweza kuchukua 27,000, na katika kila namba tisa zinazofuatana moja hugawanyika kwa tisa bila sababu yoyote. Kilichomsafisha yule mama ni stakabadhi. Tisa ilituonyesha tu pa kutafuta. Ndiyo maana nawasumbua kila mwaka humu chamani mtunze nakala.

Sasa, mchezo huu sikufundishwa chuoni. Nilionyeshwa na kaka yangu, kwenye foleni ya maji, nikiwa darasa la sita. Nilipofika chuo kikuu nikaukuta kwenye uhasibu nikacheka peke yangu. Watoto wengi wanakutana na hesabu kwa mara ya kwanza zikiwa zimevaa sura ya mtihani, na hapo ndipo tunapowapoteza. Huko Marekani, Martin Gardner aliandika makala za michezo ya hesabu katika jarida la Scientific American kwa takriban robo karne, tangu miaka ya 1950, na yeye alisomea falsafa. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mzee anayejua mapema kete yake ya mwisho itaangukia wapi anapiga hesabu, hata kama atawaambia hakusoma.

Sehemu ya michango ya leo ni ya kilabu cha hesabu cha Jumamosi katika sekondari yetu: mabao manne, ubao wa kuandikia, madaftari ya miraba, na nauli ya mwalimu.

Kuna mwanachama ameninong'oneza kwamba mwaka huu hali ni ngumu, atatoa shilingi moja tu. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba kesho atoe mbili, keshokutwa nne, na kila siku azidishe mara mbili kwa siku 30. Siku ya kumi atatoa 512, bado anacheka. Siku ya ishirini, 524,288. Siku ya thelathini peke yake ni 536,870,912, na jumla yake yote 1,073,741,823. Bado hajasaini. Kitabu cha ahadi kiko meza ya mbele, na kalamu ipo.