Kwa nini ngoma imo kwenye bajeti yetu
(Maelezo ya Kamati ya Utamaduni kwa wanachama, siku ya harambee)



Mwaka jana mlituuliza, tena kwa ukali: shuleni watoto wanakaa chini, pampu ya kisima imekufa, halafu kamati inaandika fungu la ngoma na mazeze? Leo tunajibu.

Marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo mwenzetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere, iliyounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, ilimchukua kijana huyo ikampeleka Dar es Salaam apige zeze na ilimba kama kazi. Baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981. Sifa zile zilizofika Ulaya zilitanguliwa na mshahara wa umma. Lakini tazameni na upande wa pili: muziki ule ulihamia Bagamoyo, ulikokuwa mshahara, na hadi leo jamaa zake wanaupiga huko. Mtoto wetu akitaka mwalimu wa ilimba anayelipwa, apande basi kwenda pwani.

Huku nyumbani wazee wanaojua kutengeneza zeze wanahesabika. Akina mama wa muheme tunawaita mgeni wa serikali akija. Wanapiga juani tangu asubuhi, wanapewa soda, wanarudi kwa miguu. Bwana mifugo hatumlipi kwa soda.

Wengine mlisema wakakope halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo. Kuku watarejesha, mashine ya kusaga itarejesha. Mzee anayemfundisha mtoto zeze kwa miaka 3 atarejesha nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Michango ya leo inunue ngozi na mbao, na ilipe posho ya walimu wazee kila Jumamosi pale shuleni, kwa mwaka mmoja tu. Wakati huohuo tuwapelekee madiwani wetu ombi lenye sahihi zetu, ili katika mwaka wa fedha unaoanza Julai posho hiyo iingie kwenye bajeti ya halmashauri, chini ya afisa utamaduni. Harambee haiwezi kulipa walimu miaka yote; ahadi za mwaka jana mnajua wenyewe zilivyokusanywa.

Karatasi ya sahihi iko kwa mweka hazina, pamoja na kadi za ahadi. Habari za madawati na pampu ziko ukurasa unaofuata.