Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Kutunza Magari Yetu Yaliyozeeka

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya madereva na wakuu wa vituo)



Shahada yangu ni ya mipango, si ya makanika, na humu ukumbini wamo madereva walioshika usukani kabla mimi sijamaliza shule. Nimeombwa nizungumze kwa sababu mimi ndiye ninayeweka sahihi kwenye maombi ya fedha za matengenezo, na kwa sababu kosa nitakalolieleza lilipita mezani kwangu.

Kosa lenyewe

Gari letu la afya ni Land Cruiser, lile la mkonga, lenye injini ya 1HZ. Ni injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Gari hilo lilichemsha likipanda mlima Kitonga, likiwa na mzigo kutoka Dar es Salaam, likavutwa hadi Iringa. Fundi akafungua mfuniko wa oili, akatazama moshi kidogo, akasema, "Injini imekwisha." Hakupima kitu, na sisi hatukumwuliza amejuaje. Nikaweka sahihi. Tukanunua injini ya mtumba, na ile ya zamani ikauzwa kama chuma chakavu.

Safari iliyofuata ya Dar es Salaam, gari likachemsha tena, mlima uleule. Ndipo tulipomsikiliza dereva. Tangu siku ya kwanza alikuwa akisema, "Kwenye tambarare halichemshi. Linachemsha likipanda polepole." Fundi wa pili alizima injini, akangoja ipoe, akazungusha feni kwa mkono. Ikazunguka kama pia. Klachi ya feni, ile yenye mafuta mazito ndani, ilikuwa imekufa. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya injini tuliyonunua.

Ile injini ilimeza kifungu chote cha matengenezo cha mwaka. Pikipiki za wahudumu wa vijijini zilikaa bila matairi. Kliniki ya mama na mtoto katika vijiji vitatu haikufanyika kwa miezi miwili. Akina mama walifika siku ya kliniki wakiwa na watoto migongoni, wakangoja hadi saa saba mchana, wakarudi nyumbani. Wale akina mama hawakuwa wamekosea kitu.

Nimelisema hili ili tujifunze jambo moja: spea isinunuliwe kabla ugonjwa haujapimwa. Tusianze na swali, "Tununue nini?" Tuanze na, "Tumejuaje?"

Gari linapochemsha

Swali la kwanza ni: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye mlima kwa mwendo mdogo, shuku upepo. Gari likienda polepole, hewa inayoingia kwa mwendo ni kidogo, hivyo rejeta hutegemea feni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Lazima usikie ugumu kidogo. Tazama pia kama rejeta imezibwa kwa nje na matope au mbegu za nyasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Likichemsha kwenye tambarare kwa mwendo mkubwa, shuku mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, pampu ya maji, au themostati. Hapa sisi wenyewe tuna hatia. Tunajaza maji ya mtoni mwaka mzima, kisha tunashangaa kuona kutu. Tutumie maji safi pamoja na dawa ya rejeta. Themostati nayo hupimwa kwa sufuria ya maji ya moto jikoni: nyuzi za joto zimechapwa juu yake, na maji yakifikia joto hilo lazima ianze kufunguka. Tabia ya kuitoa na kuitupa tuiache. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula dizeli zaidi na kuchakaa mapema.

Gasketi ya silinda hedi ina dalili zake. Maji yanapungua wala huoni yanapovujia. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha. Mapovu yanatoka kwenye rejeta bila kukoma. Au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mapovu hayo yaangaliwe kwa kufungua mfuniko injini ikiwa baridi, ndipo iwashwe. Usifungue rejeta ya moto kamwe. Maji yake yanaunguza mtu vibaya sana.

Moshi na kuwaka kwa shida

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kwa barabara zetu za vumbi, anza na ea klina kabla ya kugusa nozeli. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha injini ikipata moto hutokana mara nyingi na plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Ukiendelea injini ikiwa ya moto na maji yanapungua, rudi kwenye gasketi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Hata ukiuona moshi wa buluu, usikubali injini ishushwe kabla mgandamizo haujapimwa katika silinda zote sita na namba zote sita kuandikwa. Silinda moja ikiwa chini, huenda tatizo ni valvu au pistoni hiyo moja. Zote zikiwa chini, hapo ndipo tunaweza kuzungumza habari za kufanya ovahoo.

Gari linalowaka kisha likazimika mara nyingi limeingiza hewa kwenye njia ya dizeli, au filta imeziba. Mwaga maji ya filta mara kwa mara. Kumbukeni kwamba pampu ya dizeli ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe. Wakubwa humu wanakumbuka uchakachuaji wa miaka ya kabla ya 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipokuwa chini sana kuliko ya dizeli. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, na pampu nyingi zilikufa kwa sababu hiyo. Hadi leo, dizeli ya kwenye madumu kando ya njia si akiba, ni deni.

Kuchagua spea

Kwanza, mnunuzi asiende dukani na jina tu. Aende na namba ya chesisi, aina ya injini, na spea ya zamani mkononi. HZJ75 na HZJ78 zote zina 1HZ, lakini si kila kitu kinaingiliana. Hata hita plagi zina volti zake. Volti zisipolingana, zitaungua au hazitapasha.

Pili, tujue mahali pa kubana na mahali pa kutobana. Mkanda wa taimingi, gasketi ya silinda hedi, themostati, filta ya oili na vitu vya breki tununue halisi, au vya kiwanda kilekile kinachomtengenezea mwenye gari. Denso na Aisin, kwa mfano, huitengenezea Toyota, na spea hizo zikiwa kwenye boksi la mtengenezaji mara nyingi huwa na bei nafuu zaidi. Vitu vya mtumba tununue vile vinavyoonekana kwa macho: mlango, kioo, taa, bampa. Mpira, mkanda na breki za mtumba, hapana.

Mkanda wa taimingi nauzungumzia peke yake. Katika 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT huwaka kukukumbusha. Ukikatika gari likitembea, valvu hugonga pistoni. Gari ambalo spidomita yake imekufa, au ambalo hatujui historia yake, tulihesabu kuwa mkanda wake umekwisha muda. Tukibadilisha, tubadilishe na beringi ya kukazia.

Tatu, bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, jiulize sababu. Angalia maandishi ya boksi, namba iliyochapwa kwenye spea yenyewe, na umaliziaji wake. Dai risiti yenye namba ya spea. Bila risiti huna pa kurudi.

Utaratibu tunaouomba

Kuanzia robo hii, ofisi haitapitisha ombi la spea kubwa ya injini bila mambo matatu. La kwanza ni maelezo ya dereva kwa mkono wake: tatizo lilianza lini, likitokea wapi, na linatanguliwa na nini. La pili ni matokeo ya kipimo, si maoni ya fundi peke yake. La tatu, spea ya zamani irudishwe stoo na kuandikwa kitabuni kabla malipo ya mwisho hayajafanyika. Tungekuwa na sharti hili zamani, injini yetu ya kwanza ingekuwa bado stoo.

Wakuu wa vituo, nawaomba msiwabane madereva wanaosema gari lina tatizo, mkidhani wanakwepa safari. Madereva, nanyi msinyamaze. Mkiona ofisi inaweka sahihi bila kuwasikiliza, njooni mlangoni kwangu mgonge. Yule dereva wetu alisema kweli mara mbili kabla hajasikilizwa, na bado ndiye anayeliendesha gari hilo. Mchana huu atatuonyesha pale nje jinsi ya kupima feni, themostati na hita plagi. Naomba kila kituo kilete dereva wake na daftari.