Tuipime Trekta Kabla ya Kununua Slasha

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wenye mashamba Migori na Homa Bay)



Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kutengeneza njia ya reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini kazi ya reli imenifundisha jambo moja: kila chombo kina mzigo wake. Injini hupewa mabehewa kadiri ya nguvu zake, wala si kadiri ya haraka ya mkubwa wa stesheni. Leo naomba tuipime trekta yetu kwa kanuni hiyo hiyo.

Habari yenyewe mnaijua. Fedha tulizochanga sasa zatosha kununua slasha moja ya kufungwa nyuma ya trekta, yaani ile mashine yenye visu vinavyozunguka chini ya bati, ya kufyeka nyasi na vichaka. Trekta tunayo, Massey Ferguson 135 kuukuu. Ndugu wengi wanataka slasha ya futi 7, kwa kuwa itamaliza shamba upesi, kisha tutaikodisha kwa wakulima wa miwa wa Awendo na Ndhiwa. Mimi nasema tununue ya futi 6. Nitaeleza sababu zangu, kisha kura ni yenu.

Jambo la kwanza ni nguvu. Tusitazame nguvu za injini peke yake. Tutazame nguvu zinazofika kwenye ile shafti fupi inayotokea nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, maana ndiyo inayozungusha visu. Trekta ya 135 ikiwa mpya hutoa hapo kama nguvu za farasi 37. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila futi moja ya upana wa slasha yataka farasi wasiopungua 5. Basi futi 7 ni farasi 35. Ndugu mmoja aliniambia juzi, "Si inatosha? Tena wawili wanabaki."

Namjibu kwa heshima. Farasi 37 ni wa trekta inayotoka kiwandani. Trekta za 135 zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960, na hii yetu imekwisha kulima mashamba ya watu wengi kabla ya kutufikia. Tena farasi 5 kwa futi ni hesabu ya nyasi na vichaka vyepesi mahali tambarare. Sisi tuna lantana iliyoshikana kama ukuta. Tuna miinuko. Tuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika magurudumu, na nguvu za kujikwamua hutoka katika injini ile ile inayozungusha visu. Slasha ya futi 6 yataka farasi 30. Wale wanaobaki ndio wa kupandia kilima.

Mtauliza, mbona basi tusichukue ya futi 5, iwe nyepesi zaidi? Hapo laja jambo la pili, nalo ni upana wa trekta. Jumamosi iliyopita tulipima kwa tepu toka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa la pili. Tulipata futi 5 na inchi 9. Slasha ya futi 5 ingeacha ukanda wa nyasi zilizolazwa na tairi kila upande, nazo kesho husimama tena. Dereva angerudi mara ya pili, na dizeli ni yetu. Kwa hiyo tairi zatuambia tusishuke chini ya futi 6, na shafti yatuambia tusizidi hapo.

Jambo la tatu ni unene wa kitu kitakachokatwa. Slasha mbili zaweza kuwa na upana mmoja lakini zisiwe na nguvu moja. Nyingine imetengenezwa kwa vijiti vya inchi 1, nyingine inchi 2, nyingine inchi 3 au zaidi. Ile ya inchi 1 ni ya nyasi, na lantana itaivunja. Ile ya inchi 3 ni nzito mno kwa trekta yetu. Slasha hubebwa nyuma, na ikizidi uzito magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, usukani usishike njia. Walau sehemu moja katika tano ya uzito wa trekta lazima ikae mbele. Basi yetu iwe ya inchi 2, na mti ulio mnene kuliko hapo ukatwe kwa panga au msumeno kwanza.

Jambo la nne ni bolti. Kwenye shafti ya slasha nyingi kuna bolti moja laini, iliyowekwa ili ikatike kisu kinapogonga kisiki au kichuguu. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Aliyetengeneza mashine alipachagua mwenyewe pale pabovu, pasipo gharama kubwa. Kuna kikundi cha jirani zetu, sitakitaja, kilichonunua slasha pana kwa kutazama macho tu. Mwezi wa pili klachi iliungua. Bolti nayo ilikuwa ikikatika kila siku, wakachoka, wakatia ya chuma kigumu. Siku ile ile giaboksi ilipasuka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini kwetu haikufika mpaka leo, na vipuri walivifuata mbali. Slasha imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia humo. Deni bado linakatwa katika mishahara yao.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Shafti ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi ya slasha huongeza mwendo huo. Katika mashine nyingi ncha ya kisu hupita kilomita 200 kwa saa. Treni ya abiria ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, mwendo wake ni kilomita 120. Fikirini jiwe likipigwa na kisu hicho, na mtoto anachunga ng'ombe karibu. Basi slasha iwe na minyororo ya kuzuia mawe mbele na nyuma, shafti iwe na kifuniko chake, na mtu yeyote akae mbali mita 100. Tena trekta kuukuu nyingi, ukikanyaga klachi, visu vinavyozunguka huisukuma mbele. Kuna kifaa cha kufungwa kwenye shafti cha kuzuia jambo hilo. Kinunuliwe pamoja na slasha, kisingoje mwaka ujao.

Ndugu zangu, sisi kila mkutano twadai zana salama kazini. Siku tutakapomwajiri dereva wa trekta hii, wakubwa tutakuwa sisi. Je, tumpe mashine isiyo na kifuniko, kisha tumwambie afanye haraka kwa sababu mteja anangoja? Tukifanya hivyo, hatutakuwa na uso wa kudai chochote kwa wengine.

Naomba kabla ya kura tufanye mambo matatu. Kwanza, fundi aipime nguvu ya shafti ya trekta yetu kama ilivyo leo, na akikuta ni chini ya farasi 30, tuitengeneze kwanza. Pili, tuulize bei ya visu, bolti na minyororo, wala si bei ya slasha peke yake. Tatu, mjumbe mmoja aende na tepu dukani, kwa maana upana ulioandikwa mara nyingine ni wa bati, wala si wa mahali visu vinapokata.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Slasha ya futi 6 itachelewa kidogo kumaliza shamba, lakini mwakani itakuwa bado inafanya kazi.